Mama mkwe hataki bata mzinga wangu wakanyage uwanja wake

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka wilaya ya Kongwa, kijiji kimoja upande wa Kibaigwa. Nina miaka 31, mume na watoto 3. Tuliishi Dar es Salaam miaka 7, tukarudi huku mwaka jana baada ya baba mkwe kufariki, maana mama asingeweza kubaki peke yake na shamba. Tunalima mahindi, alizeti na karanga kidogo. Baba watoto anaenda na kurudi kwa kazi zake za ujenzi, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tupo mimi, mama mkwe na watoto.

Tangu nifike nina hamu ya kufuga ndege, tena wa kuchanganya. Nataka kuku wa mayai na nyama, bata kwa sababu nasikia hawaugui ovyo, kanga wa kupiga kelele mwewe na nyoka wanaposogea, na bata mzinga wa kuuza Desemba. Wote nyumbani hapa hapa, wakizunguka uani mchana na jioni wakiingia banda moja. Tumevunja kikoba mwezi uliopita nikapata shilingi 650,000. Hela hiyo nimeitafuta mwenyewe kwa kukaanga maandazi. Fundi ameshanipimia banda la mita 3 kwa 6, miti, wavu na bati, anasema litaingiza ndege 80 bila shida.

Shida ni mama mkwe. Ana kuku wake 14 wa kienyeji, wanalala jikoni. Nilipomweleza mpango wangu alinyamaza. Kesho yake tukichambua mboga akasema, "Hao bata mzinga wako wasikanyage uwanja wangu." Nikamuuliza kwa nini mama. Akanijibu, "Mimi nimeshazika kuku hapa," akainuka akaenda zake.

Baadaye wifi akanisimulia. Mwaka juzi mwezi wa 10 shemeji alinunua jogoo mzuri mnadani akamletea mama zawadi. Haikupita wiki 2, kuku wakaanza kuzubaa, wakaharisha kijani, shingo zikapinda. Mama alikuwa na kuku zaidi ya 40. Walibaki 3, na hawa 14 wa leo ni uzao wa hao 3. Aliwapa mwarobaini, akawapa shubiri, haikusaidia.

Namwonea huruma, Mama, lakini naona pia ananibana. Baba watoto anasema nifanye ninavyoona, mama atazoea. Na shemeji yule yule ameshanitafutia bata mzinga 6 na kanga 4 kwa mtu wa Dodoma mjini, nimetoa kianzio 120,000, anawaleta Jumamosi ya wiki ijayo.

Naomba uniambie: ni kweli ndege hawa hawawezi kukaa pamoja, au ni hofu ya mama tu? Nianze na wangapi? Na jambo dogo: tuna magunia 2 ya mahindi yaliyolowa, yameingia ukungu. Nilipanga yawe chakula cha kuanzia ili nisitupe hela. Inafaa?

Mkamwana, Kongwa

*

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba wa baba mkwe.

Nianze na Jumamosi kwa sababu ndiyo inayokimbia. Mpigie shemeji leo, mwambie bata mzinga wasipakiwe. Kama mwenye ndege hawezi kurudisha kianzio, muombeni akukatie kwa mayai ya kanga yenye mbegu, yaliyotagwa ndani ya wiki 1. Uliza kama kanga wake ni wa kufugwa, maana mayai ya kanga wa porini yana sheria ya wanyamapori na hayaokotwi hivi hivi. Mayai hayo mtetea wa mama mkwe atayaatamia, siku 26 hadi 28, na vitoto vitakavyoanguliwa chini ya kuku vitajua kwamba hapo ndipo kwao. Kanga mkubwa anayeletwa ndani ya tenga ukimfungulia mapema unamwona juu ya mti wa jirani, kesho yake humwoni tena.

Kuhusu bata mzinga, mama mkwe amesema kweli, tena kuliko anavyojua mwenyewe. Yeye anahofia kideri, ule ugonjwa uliomuulia kuku. Mimi nahofia kideri na kingine kilichomo tayari ndani ya udongo wa uwanja wenu.

Nikueleze kilichonipata. Mwaka 2011, hapa kwangu Mvomero, nilinunua bata mzinga 8, wakubwa kiasi cha kufika goti langu. Nikawaachia uwanja ambao kuku walikuwa wameuchakura miaka mingi. Wiki za mwanzo walipendeza hadi wapita njia wakawa wanasimama kuwatazama. Asubuhi moja nikamkuta mmoja chini ya mwembe, mabawa yameteremka, macho nusu yamefumba, na nyuma yake kinyesi cha njano kabisa, njano ya bizari. Nikadhani amekula kitu. Siku ya tatu alikuwa amekufa na wengine wawili wamesimama vile vile. Mtaalamu wa mifugo alimpasua wa tatu mbele yangu. Ini lilikuwa na madoa ya duara, yamebonyea katikati, kama mtu aliyepanga vifungo vya shati juu ya nyama. Katika wiki 3 nikazika 6. Kuku wangu wakati huo wote wazima, wanataga, wanapita juu ya makaburi yao.

Ugonjwa huo huitwa kichwa cheusi, ingawa mara nyingi kichwa hakigeuki rangi. Vimelea vyake husafiri ndani ya mayai ya minyoo midogo inayoishi mwishoni mwa utumbo wa kuku. Kuku huvibeba, kwa kawaida haumwi au anaumwa kidogo, anavimwaga kwenye kinyesi. Mayai ya minyoo hiyo hukaa kwenye udongo miaka, hata nyungunyungu anaweza kuyahifadhi tumboni. Bata mzinga akidonoa hapo, basi. Uwanja ambao familia imefuga kuku tangu mumeo hajazaliwa hauwezi kuwa salama kwa bata mzinga kwa kufagia wala kwa kumwaga majivu.

Sikukatazi kuwafuga milele. Mwaka wa pili, kuku wakishasimama, watafutie upande wa shamba ambao kuku hawafiki, labda mwisho wa alizeti, uwajengee banda la sakafu ya fito iliyoinuliwa ili kinyesi kidondoke chini wasikifikie. Wawe na vyombo vyao vya maji, na wewe uwe na ndala za huko tu. Kuku nao wapewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3. Na kabla ya yote hayo, mpate mnunuzi. Mwaka 2013 na 2014 wenzetu wa Kenya walishikwa na homa ya kware, kila mtu anafuga, mayai yanasifiwa kutibu kila kitu, halafu soko likaanguka na watu wakabaki na mabanda yamejaa ndege wasio na mlaji. Bata mzinga wa Desemba ni biashara kama una hoteli au watu wa mjini waliokwambia kwa midomo yao kwamba watamchukua, na kwa bei gani. Kijijini atakaa anakula, na anakula zaidi ya mara mbili ya kuku.

Sasa hicho kideri, ambacho kwenye chupa ya chanjo utakikuta kimeandikwa mdondo. Aliyoyasimulia wifi yako, kuzubaa, mharo wa kijani, shingo kupinda, ndiyo dalili zake, na hadithi ya jogoo wa mnadani nimeisikia kutoka mikoa yote niliyopita. Mnadani huletwa kuku wa vijiji vingi, na wapo wanaouza haraka kwa sababu wameona kuku wao wengine wanazubaa. Hiki ni kirusi. Mwarobaini na shubiri za mama hazikushindwa kwa sababu alizipika vibaya. Hakuna dawa inayokitibu, hata ya dukani. Kilichopo ni chanjo, na ni ya bei ambayo hata kikoba hakihitajiki.

Tafuteni chanjo ya I-2, ile ya matone. Inatengenezwa hapa nchini, na imebuniwa kwa ajili ya vijiji kama chenu kwa kuwa inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Kuvumilia si kwamba uiache dirishani; izungushie kitambaa kibichi, ikae kivulini, na ukishaianza fuata maelekezo ya mchanjaji kuhusu siku za kuitumia. Dozi ni tone 1 kwenye jicho 1, sawa kwa kifaranga wa siku ya kwanza na kwa jogoo. Mshike kuku ubavuni mwako, mlaze kichwa upande, jicho liangalie juu. Tone likidondoka usimwachie hapo hapo. Subiri. Utaona linakaa juu ya jicho kama lenzi, kisha anapepesa, na tone linazama. Ndipo umwachie. Likimwagikia shavuni, rudia. Kinga huchukua wiki 1 hadi 2 kujengeka, na inarudiwa kila baada ya miezi 3. Anayechanjwa ni mzima. Aliyekwisha kuzubaa chanjo haimsaidii. Mwaka juzi kwenu kilipiga mwezi wa 10, kiangazi kikali, kwa hiyo hakikisha mzunguko mmoja unaangukia kabla ya hapo.

Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wenu 14. Mwone mtaalamu wa mifugo wa kata au mchanjaji wa kijiji, mpange siku moja na majirani, mchange. Kuku wa jirani asiyechanjwa atakuja kula pumba zako, na ndiye atakayeleta msiba.

Baada ya hapo sheria yangu ni moja na siilegezi kwa mtu: ndege yeyote anayeingia nyumbani kwako, awe zawadi, awe mahari, awe wa mnadani, anakaa peke yake wiki 4. Mbali na uwanja, chakula chake mwisho, baada ya kuwahudumia wa nyumbani. Shemeji aambiwe hili kwa upole, na naomba usiruhusu watu wamnyooshee kidole. Alileta zawadi kwa mama yake. Hakujua.

Sasa tuje kwenye ulichoniuliza: nianze na wangapi? Ukiacha hayo mayai ya kanga, anza na kuku peke yao, na uanze na wale 14.

Najua si jibu ulilolitaka. Ulitaka wako. Lakini nisikilize. Kuku hao wameukulia uwanja huo, wanajua mwewe anatokea wapi, wanaatamia na kulea. Ukienda kununua chotara, Sasso au Kuroiler, utapata mayai mengi na kilo nyingi, ila mtetea wa aina hiyo ni nadra kukaa juu ya mayai, na bila chakula cha uhakika hakulipi. Kienyeji wa mama ni mashine ya kuangulia isiyotumia umeme. Fanya naye makubaliano ya wazi kama watu wazima wawili: yeye anatoa mitetea na jogoo, wewe unatoa banda, chakula na chanjo, vifaranga mnagawana. Utaratibu huo wa kugawana uzao anaufahamu, hutamfundisha.

Kisha tumia ujanja wa kuatamisha kwa pamoja. Mtetea wa kwanza akianza kuatamia, usimpe mayai yake bado. Mwekee yai viza moja au mawili, akae nalo. Wa pili akianza, naye hivyo hivyo. Wakifika 4, usiku wa siku moja ondoa viza, wape kila mmoja mayai 10 hadi 12 mabichi, mazuri, yasiyozidi siku 10 tangu yatagwe. Siku ya 21 wote wanaangua. Vifaranga unawapa mitetea 2 walee, wale wengine 2 wanarudi kutaga. Ukipata vifaranga 35 kwa mzunguko huo umefanya vizuri sana.

Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu vifaranga wengi wa kijijini hufa kabla ya miezi 2, wakichukuliwa na mwewe, nguchiro, baridi ya alfajiri na njaa. Wiki 4 za kwanza wasizunguke. Walale ndani na mama yao, mchana wawe chini ya tenga kubwa kivulini, maji kwenye sahani yenye kokoto ili wasizame. Ukiamua kuwalea bila mama, joto la wiki ya kwanza liwe kama nyuzi 33, ukilipunguza kidogo kila wiki. Huhitaji kipimajoto kila saa: wakijikusanya na kulia wana baridi, wakikimbilia ukutani midomo wazi wana joto. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichozibwa usiliweke. Nimeona limeua vifaranga 60 usiku mmoja, na lingeweza kumuua aliyekuwa akiwalinda. Ulizia pia chanjo ya ndui, inayochomwa kwenye ubawa, maana mvua zikileta mbu na ndui inakuja.

Bata ni hatua ya pili, baada ya miezi 5 au 6. Nunua dume 1 na majike 3, wakae wiki zao 4 pembeni, wachanjwe kama wengine. Ulisema hawaugui ovyo, na hapo ndipo ninapowaogopa. Bata anaweza kubeba kirusi cha mdondo bila hata kupoteza hamu ya kula, na kuku wako wakaanguka kwa ugonjwa ambao hukuona umeingia. Tena bata hawezi kula bila kuchezea maji. Atalowesha maranda ya banda zima usiku mmoja, na kwenye maranda mabichi ndipo kuhara damu kwa vifaranga kunapostawi. Kwa hiyo wajengee kibanda chao kifupi, hata cha matofali ya udongo, wala hawahitaji fito za kulalia. Najua maji kwenu ni ya kuhesabu ndoo. Bata wetu hawa wa kijijini hawahitaji bwawa. Wanahitaji karai lenye kina cha kuzamisha kichwa waoshe macho na pua, liwe juu ya kokoto, na yale machafu umwagie mchicha. Usiruhusu dume la bata likae na mitetea bila majike yake, litawapanda kuku na kuwaumiza vibaya.

Zawadi ya bata ni uvumilivu wake kwenye kiota. Yake mwenyewe huyaatamia siku 35, na ukimpa ya kuku anakaa nayo bila neno, anafunika mengi kuliko mtetea.

Banda la fundi, kwa hiyo, likatwe. Mita 18 za mraba si ndogo, ila ndege 80 wa aina 4 ndani yake watavuta hewa moja na kulalia uchafu mmoja. Jenga nusu sasa, mita 3 kwa 3, kwa kuku 30 na uzao wao, fito za kulalia ziwe usawa mmoja wasigombee ya juu, na kiota 1 kwa mitetea 4 au 5. Nusu nyingine ibaki kwenye karatasi hadi fedha ya kuku iijenge. Toa kianzio ulichokwisha kutoa, una 530,000. Laki moja na nusu usiiguse, ni ya chakula na dawa miezi ambayo hakuna kinachouzwa.

Na hayo mahindi. Uliliita jambo dogo, mimi ndilo lililonifanya nikujibu mapema. Usiwape. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache na hakuna aliyejua sababu, hadi walipochunguza mashudu ya karanga waliyolishwa na kukuta sumu ya ukungu. Ndivyo dunia ilivyoijua sumukuvu. Na ninyi mko Dodoma. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo, kwenye mahindi, iliua watu Dodoma na Manyara. Vitoto vya bata na vya bata mzinga ndivyo vinavyoumia upesi kuliko ndege wote. Kuyaanika hakuiondoi, kuyaosha hakuiondoi, kuyapika hakuiondoi. Ng'ombe na mbuzi nao wasipewe, maana inapita hadi kwenye maziwa mtakayowapa watoto. Yachimbieni shimo myafukie, na mtu yeyote mwenye nia njema asiyachukue "kwa ajili ya pombe". Inauma, ni jasho lenu. Yafukieni.

Chakula chenyewe mnacho. Kwa kilo 20 changanya pumba za mahindi safi kilo 9, mahindi yaliyoparazwa kilo 4, mashudu ya alizeti kilo 4 na nusu, dagaa waliosagwa kilo 1 na nusu, chokaa ya mifugo gramu 900, chumvi gramu 50 na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) gramu 50. Kuku anayefungiwa hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 15 watakumalizia karibu kilo 54 kwa mwezi. Wako watazunguka, nusu yake inatosha, asubuhi kidogo na jioni wanaporudi. Mwaka wa pili, bata mzinga wakija, usiwalishe mabaki ya chakula cha kuku wa nyama kabla hujauliza kilichomo. Ipo dawa ya kuzuia kuhara damu iitwayo salinomaisini, kuku anaila salama, bata mzinga inamuua.

Limebaki la mama. Hapa sikubaliani na baba watoto. "Atazoea" ni neno la mtu asiyekuwepo nyumbani. Mwanamke aliyezika kuku 40 na kulea upya kutoka 3, halafu akamzika mumewe, hakuambii neno lile ili akubane. Anakuonesha mahali panapouma. Hela ni yako na hakuna anayekunyang'anya haki hiyo, ila uwanja ameufagia yeye asubuhi zote hizo.

Usimpelekee mpango uliokamilika. Nenda jioni, anapowahesabu kuku wakiingia jikoni, umwambie umemzuia shemeji na bata mzinga hawaji. Kisha muulize juu ya wale 3 waliobaki. Walikuwa na rangi gani, yupi bado yuko hai, yupi analea vizuri. Atakuonyesha kwa kidole. Huyo ndiye wa kuwekewa yai viza la kwanza. Na siku ya chanjo muombe yeye awashike, wewe udondoshe tone, kwa sababu kwake hawatapapatika.